Kura ya Mdomo

Mji wenyewe sitautaja. Uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, na mtu wa kule akishasoma mistari michache atakuwa ameujua. Asiye wa kule hana haja nao. Nikiutaja, waliobaki hai wataanza kukisia fulani ni nani na binti fulani ni yupi. Jambo hilo ndilo tuliloapa kulikinga, sisi watu watano tuliokaa katika chumba cha darasa la pili siku ya Jumanne, tarehe 29 Desemba 1992.

Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa mwalimu, lakini wa kushikilia tu, chuo sijakiona. Zilipokuja habari kwamba wanatafutwa makarani wa uchaguzi, alitakiwa mtu anayejua kusoma na kuandika, na kwa foleni ya akina mama alitakiwa mwanamke. Katika mji wetu zama zile, wanawake wenye sifa hizo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikabaki mimi.

Siku ile haieleweki bila kujua tulikuwa tumetoka wapi. Miaka minne na ushei nyuma, Februari 1988, tulipiga kura ya mlolongo. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na wanachama walimteua mgombea wa ubunge kwa kupanga mstari nyuma yake, au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake, mchana kweupe, wakahesabiwa vichwa kama mbuzi wa zizini. Aliyepata asilimia 70 na zaidi alipita moja kwa moja, wala hakukuwa na kura ya siri baadaye. Sehemu nyingi za Kenya watu walilia kwamba mstari mfupi umetangazwa kuwa ndio mrefu. Kwetu hesabu ilikuwa sawa, na aliyehesabu alihesabu kwa sauti. Ubaya wa kwetu ulikuwa mwingine: kila mtu alionekana.

Baba yangu alisimama mstari mmoja. Ami yangu, ndugu yake wa kumfuata, alisimama mwingine. Walikuwa na mashua moja waliyorithi kwa babu. Haukupita mwezi mashua ile ikauzwa, pesa zikagawanywa mbele ya shahidi. Mwaka ule ule ami akaoza mwanawe. Kwetu mwaliko wa harusi hupelekwa kwa mdomo. Mwanamke huzunguka nyumba kwa nyumba akitoa salamu za wenye shughuli. Nilikuwa nimekaa barazani nikichambua mchele. Alipita mlangoni petu akitazama chini, akaingia nyumba ya pili. Mamangu alikuwa ndani. Hakuuliza kitu, wala mimi sikumwambia.

Mwisho wa mwaka 1990 chama chenyewe kilikubali mlolongo uachwe. Desemba 1991 kile kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu, cha 2A, kikafutwa. Redio ikaanza kututajia vyama ambavyo hatukuwahi kuvisikia. Watoto wakawa wanapita vichochoroni na vidole: kimoja juu ni KANU, viwili ni vyama vingi. Wazee waliwakemea, kisha wao wenyewe wakisalimiana walitazamana vidole.

Siku ya uchaguzi tulipewa kila mmoja karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Waliogombea urais walikuwa 8, na mmoja kati yao, Rais Moi, ndiye aliyeshinda, kwa kura kama asilimia 36 hivi. Lakini Nairobi ni mbali, na rais yeyote angepatikana maji yetu ya kunywa yangebaki na chumvi ile ile. Roho za watu zilikuwa kwenye ile karatasi ya tatu.

Waliotaka udiwani kwetu, wa kutajika, walikuwa wawili. Mmoja nitamwita Nahodha, kwa sababu alikuwa na chombo na alikuwa akinunua kamba na samaki wa wavuvi na kuwapeleka Lamu. Mwingine nitamwita Karani, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya ofisi Mombasa miaka mingi, akarudi na miwani na mkoba wa ngozi. Mmoja alisimama kwa jogoo wa KANU, mwingine kwa simba wa FORD-Kenya. Nani alikuwa wa jogoo na nani wa simba, hilo pia nitaliacha. Mkewe Nahodha alikuwa dadake Karani. Tumbo moja, ziwa moja. Nitamwita Bi Mkubwa, maana ndivyo mji mzima ulivyomwita.

Waligombania nini? Nitasema bila haya: waligombania jabia. Asiyejua jabia ni nini, ni birika kubwa la kukinga mvua. Hutandazwa sakafu pana yenye mteremko, maji ya mvua yakateremka kuingia shimo lililojengwa chini ya ardhi, na mji ukayanywa hadi masika mengine. Upande wetu wa kisiwa visima vingi ni vya chumvi. Maji yake hufulia na kuogea, lakini chai yake mgeni huitema. Jabia letu lilikuwa limefanya ufa. Masika ya mwaka ule yalilijaza, na kabla ya kaskazi kushika kasi lilikuwa tupu. Wanawake waliamka alfajiri na punda kwenda kutafuta maji, na aliyekuwa hana punda alikwenda na kichwa chake.

Na diwani angefanya nini? Kwa sheria, si mengi. Serikali ya Kenya iliyaondolea mabaraza ya wilaya shule, hospitali na barabara kwa sheria ya mwaka 1969, yakabakiwa na ushuru wa soko na mazao. Pwani ya Lamu zao la maana lilikuwa boriti za mikoko, na mwaka 1982 kuuza boriti nchi za nje kulipigwa marufuku. Majahazi ya Uarabuni yaliyokuwa yakizipakia yakawa hadithi. Kwa hiyo diwani alikuwa mtu wa kwenda Lamu kwa mashua, akakaa kikaoni, akasema, akarudi. Lakini kuna tofauti kati ya mji wenye mtu wa kusema na mji usio na mtu. Lamu wazee husimulia kwamba zamani pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilikuwa zikipokezana utawala, kila upande miaka minne, na shauri likikatwa Yumbe. Kuwa na mtu barazani si jambo lililoletwa na Mzungu.

Basi siku ikafika. Kaskazi ilikuwa ikivuma, na Rajabu ilikuwa changa, siku ya nne au ya tano. Tuliapishwa kabla ya kituo kufunguliwa: msimamizi wa kituo, ambaye alikuwa mgeni kwetu, karani mwenzangu mwanamume, aliyeshika daftari, mimi, niliyepewa kazi ya vidole na wino, na mawakala wawili, mmoja wa kila upande. Tulishika msahafu mmoja baada ya mwingine. Kiapo kilikuwa cha siri: usiseme ulichokiona wala ulichokisikia. Wakati ule nilikiona maneno ya serikali tu.

Shida ya kwanza ilikuwa hina. Wiki ile kulikuwa na harusi mbili, na nusu ya wanawake waliokuja walikuwa wamepakwa piko nyeusi hadi ncha za vidole. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama mtu ana alama ya wino, yaani kama ameshapiga kura. Msimamizi alitazama kiganja cha kwanza, akatazama cha pili, akaniuliza, "Mwalimu, hapa utajuaje?"

Nikamwambia, "Hawa nawajua wote. Hata ukaya ukishuka, nawajua kwa mwendo."

Alicheka, lakini akaniamini. Wino nikawa naupaka juu ya kifundo, ambapo piko haikufika.

Shida ya pili haikuwa ya kuchekesha. Akina mama wengi walikuwa hawajui kusoma. Msahafu walikuwa wakiusoma, tena vizuri kuliko waume zao, lakini karatasi ile ilikuwa ya herufi za Kizungu. Ilikuwa na picha, ndiyo, lakini waliogopa kuiharibu. Sheria ya wakati ule ilisema asiyeweza kujiandikia amwambie msimamizi, naye msimamizi atie alama, mawakala wakishuhudia. Watu waliiita kura ya mdomo. Ndivyo ilivyokuwa kura ya siri kwetu: mama anaingia chumbani, anakalishwa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, na mbele ya wanaume wanne na mimi anasema anayemtaka. Wanaume wawili kati ya hao walikuwa mashemeji zake, au wajomba, au majirani.

Mlolongo ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii ulikuwa wa wanawake peke yao.

Wengine walinong'ona. Wengine walionyesha kwa kidevu. Kuna mmoja aliyesema, "Nipigie yule aliyelipa nauli mwanangu alipopelekwa hospitali." Msimamizi akamwambia, "Jina, mama." Akajibu, "Hawa wote wanajua ni nani," na kweli tulijua sote isipokuwa msimamizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kinywa. Ikabidi mama yule ataje jina, na alilitaja kwa hasira, kana kwamba tumemvua nguo.

Adhuhuri maji yalikuwa yametoka, pwani ikawa tope hadi mbali, na foleni ikapungua. Ndipo alipoingia Bi Mkubwa.

Alikuja peke yake. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, na alikuwa na desturi ya kusalimu kabla hajaonekana. Aliketi kwenye kile kiti kidogo akatukusanya kwa macho. Wakala wa mumewe alikuwa kulia, wakala wa nduguye kushoto. Wote wawili walikuwa wamekula nyumbani kwake mara zisizo na idadi.

Msimamizi akamuuliza kwa upole, "Mama, unamtaka nani awe diwani?"

Kimya. Yule mgeni hakujua alichouliza. Kwetu mwanamke wa rika lile hamtaji mumewe kwa jina. Husema Baba Fulani, au mwenyewe, au bwana wa nyumba. Jina lenyewe halitoki mdomoni mwake mbele za watu. Kwa hiyo akitaja jina, tumejua amemchagua nduguye. Akikataa kutaja, tumejua pia. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni. Wakala wa kulia akajishughulisha na kofia yake. Wa kushoto, ambaye mji mzima ulijua kwamba kinywa chake hakikai na neno hata baina ya magharibi na isha, alikuwa akitazama dari.

Bi Mkubwa akaulizia karatasi. Msimamizi akamsogezea. Akatoa mkono kwenye buibui, akaweka kidole juu ya picha, akakiacha pale.

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu," akasema, "miaka yangu ukiihesabu, utaona hakika imo humo."

Msimamizi akatia alama. Tukaona sote watano. Nikampaka wino kifundoni. Kidole chake kilikuwa baridi kuliko vya wengine. Akasimama, akasema, "Haya, Mungu awaweke," akaenda zake.

Jioni kituo kilipofungwa, masanduku yalitiwa lakiri. Hayakuhesabiwa pale, zama zile kura za jimbo zima zilipelekwa mahali pamoja zikahesabiwa. Ikabidi tungoje maji yajae. Kiasi cha saa mbili za usiku mashua ikaelea, masanduku yakapakiwa pamoja na msimamizi, askari na mawakala wote wawili, na mwezi mwembamba ulikuwa haujatua bado. Nilisimama pwani na wanawake wengine, mchanga umejaa katika viatu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hatukujua masanduku yale yamebeba shangwe ya nani.

Matokeo yalikuja baada ya siku mbili. Aliyeshinda alishinda kwa kura ambazo ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Ushindi mkubwa humaliza maneno, lakini wa namna ile huyaanzisha. Kila nyumba ikaanza kutafuta ni wapi kura zilivuja. Upande ulioshindwa ukasema kuna wanawake waliotuzunguka. Na baada ya siku chache, kama nilivyojua itakuwa, jina likawa moja: Bi Mkubwa.

Ami yangu, yule yule wa mlolongo, alikuja kwetu usiku. Alikuwa hajavuka kizingiti cha baba tangu mashua ilipouzwa. Baba akamkaribisha kahawa, wakanywa kimya. Kisha ami akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ulikuwa mle ndani."

"Ndiyo, ami."

"Bi Mkubwa alisema nini?"

Nikamwambia, "Ami, mimi nilipewa kazi ya vidole. Vinywa sikupewa."

Alinitazama sana. Nilidhani atakasirika. Baba akamwongeza kahawa, akasema maneno ambayo sijayasahau kwa jinsi yalivyokuwa ya kawaida: "Muache mtoto. Tumeuza mashua moja kwa mambo haya, utataka tuuze nini tena?" Ami akanywa kahawa yake. Wiki iliyofuata alimtuma mkewe aje kutujulia hali.

Lakini mimi sikuwa na wasiwasi na nafsi yangu. Wasiwasi wangu ulikuwa yule wakala wa kushoto, mwenye kinywa kisichofungika. Nilingoja neno litoke. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Walimjaribu msikitini, walimjaribu dukani, walimnunulia kahawa na halua barazani. Akawasimulia habari za safari ya masanduku, upepo ulivyokuwa, askari alivyotapika njia nzima. Ya chumbani hakusema.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mwaka 1988 yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mlolongo, na kila alipogusa bega la mtu alitaja jina kwa sauti ili hesabu isipotee. Alikuwa ametaja jina la kaka yake mkubwa katika mstari wa pili, na kaka akafa bila kuzungumza naye tena. "Mimi," akasema, "majina nimeshayataja ya kutosha."

Na jabia? Likatengenezwa kabla ya masika ya 1993. Diwani mpya alisema Lamu, akapata mifuko kadhaa ya saruji. Iliyobaki watu walichanga. Saruji ilikuja kwa chombo cha mtu wa mji, na pwani ilibebwa na watu wa pande zote, Nahodha na Karani wakiwa mstari mmoja wa kupokezana mifuko. Bi Mkubwa alipika pilau ya wafanyakazi. Nani aliyekuwa diwani na nani aliyekuwa ameshindwa, siku ile asiyejua asingeweza kuwatambua, maana wote wawili walikuwa weupe kwa vumbi la saruji. Mvua ya kwanza ilipokunya tulikwenda kutazama usiku na karabai. Maji yalikaa.

Tumepiga kura nyingi tangu hapo. Mwaka 2002 masanduku yalikuja ya kuonyesha ndani, na kura zikaanza kuhesabiwa pale pale kituoni, tukaacha kungoja maji yajae. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza ya zamani yakaisha na madiwani wao. Kaunti yote ya Lamu ina wadi 10, na Lamu Mashariki ina 3: Faza, Kiunga na Basuba. Mwakilishi wa wadi sasa ana pesa na madaraka ambayo diwani wetu hakuyaota. Lakini mji wetu sasa ni kituo kimoja kati ya vingi, na mgombea anaweza kushinda bila kumjua hata mtu mmoja wa mtaa wetu. Wadi pana humpa mpiga kura siri zaidi. Humpa pia mwakilishi ambaye hajawahi kunywa maji ya jabia lake. Sijui mtu apime vipi kati ya viwili hivyo; mimi nimeviishi vyote, na bado nasitasita.

Kura ya mdomo nayo imebadilika. Siku hizi asiyeweza kujiandikia huruhusiwa kuingia na mtu wake anayemwamini. Ni bora hivyo. Wakati wetu tulikuwa hatuna hilo, tukawa na sitara tu: desturi ya kuona na kujifanya hujaona, ambayo wengine huiita unafiki. Watu wanaoishi visiwani wanajua si unafiki. Sanduku linaweza kuficha karatasi, lakini katika mji ambao watu hujuana kwa mwendo, siri ya kura hutunzwa na binadamu, na wakikataa kuitunza hakuna lakiri itakayoiziba.

Nawaandikia hasa vijana wanaochukuliwa kuwa makarani na mawakala kila uchaguzi. Kiapo wanachowasomea asubuhi mkiwa na usingizi, kisikilizeni.

Msimamizi wetu sikumwona tena. Karani mwenzangu na mawakala wote wawili wamekwisha kufa. Nahodha na Karani wamezikwa makaburi ya kando moja, na Bi Mkubwa amezikwa baina yao kwa wasia wake mwenyewe. Alichokigusa kwa kidole siku ile, mimi nilikiona. Mume wangu hajui, wanangu hawajui.